Kura Sitini za Kumjua Afande Okeny

Ukishuka Kabalagala, pale mabaa yanapoishia na maduka ya vipuri yanapoanza, kuna ubao mmoja umelazwa juu ya matairi mawili ya lori. Hayo matairi, Wanyama mwenyewe huapa, yalitoka kwenye lori lililobeba tembo mzima kutoka Juba, tembo akiwa hai na ana hasira. Wanyama ni fundi wa panchari. Watu wote wanamwita Brigedia ingawa hajavaa gwanda hata siku moja, na hakuna gurudumu Kampala hii ambalo halijawahi kulia mikononi mwake. Kando ya ubao anakaa Santina na sigiri yake ya makaa, anamimina kahawa ya tangawizi kali hivi kwamba Mzungu mmoja alionja kijiko kimoja tu, akakumbuka jina la bibi mzaa bibi yake. Hapo ndipo dunia hutengenezwa kila siku kuanzia saa tatu asubuhi. Na Jumanne hiyo, saa nne, Afande Okeny alikuja na simu kubwa mkononi, ya kioo, nyuma ina stika ya ua.

— Afande, umemnyang'anya nani hiyo simu? Wanyama akauliza.

— Ya mke wangu.

— Kumbe una mke?

— Niko naye miaka ishirini na tatu.

Okeny alikuwa polisi zamani, Gulu na Lira. Sasa ni askari wa kampuni ya ulinzi, analinda geti la nyumba za kupangisha usiku kucha, na asubuhi anapita kijiweni kabla ya kwenda kulala. Mtu wa maneno machache. Maneno yake ya siku nzima ungeweza kuyafunga kwenye pindo la leso na nafasi ikabaki. Simu yake mwenyewe ilikuwa ile ndogo ya tochi.

— Naomba mnisaidie, akasema. Kampuni imetuma hii kitu, inaitwa Jijue. Kila askari ajibu maswali sitini, halafu simu inasema yeye ni mtu wa namna gani. Kuna nafasi moja ya mchana, ghala ya kule Port Bell. Mimi naitaka hiyo ya mchana. Mwisho ni saa sita.

Wanyama alishusha kikombe chake polepole, kama mtu aliyeletewa kesi.

— Simu ikwambie wewe ni nani? Okeny, una miaka mingapi?

— Hamsini na mbili.

— Na hiyo simu?

— Kama miwili.

— Mtoto wa miaka miwili, bado anakojoa kitandani, amwambie mzee wa hamsini na mbili yeye ni nani. Santina, umesikia hiyo?

— Nimesikia, akasema Santina. Kunywa kahawa yako, inapoa.

Lakini Wanyama akishapata pumzi ya kwanza huwa hana breki. Akasimama.

— Mimi nilijijua mara moja tu, na ilitosha. Bungoma, mwezi wa nane, alfajiri ya tohara. Nimetoka mtoni, tope mwili mzima mpaka kichwani, umande baridi unaingia kwenye mifupa. Nikasimama uani kwa baba, mkono juu. Fundi akaja na kisu. Watu mia sita wanaangalia usoni kwangu kama nitapepesa jicho. Sikupepesa. Fundi ndiye alipepesa. Siku hiyo nikajua mimi ni nani, na watu mia sita wakajua. Hakuna mtu aliniuliza kama nakubali kabisa au nakubali kidogo.

— Juzi walikuwa mia tatu, akasema Oyugi, aliyekaa upande wa pili wa ubao.

— Mia tatu walikuwa upande wa baba. Wewe Mjaluo nyamaza, hamjui kisu. Nyinyi mlikuwa mnang'olewa meno. Fungua mdomo tuhesabu. Yako yote yapo, ndiyo maana mpaka leo hujijui.

Oyugi alifunga mdomo. Yeye ni fundi simu, wanamwita Dokta kwa sababu huweka simu sikioni na kuipapasa kabla ya kusema ugonjwa. Akaichukua simu ya Okeny, akaifuta kwa shati.

— Imekubali Kiswahili, akasema. Kile cha Nairobi. Kila swali lina majibu matano: nakubali kabisa, nakubali, sijui, nakataa, nakataa kabisa. Afande, swali la kwanza. Mimi hupenda kukaa peke yangu.

— Nakubali, akasema Okeny.

— Simama hapo, akasema Wanyama. Dokta, usibonyeze. Okeny, ulikuwa polisi. Mtu akikamatwa, anaambiwa nini?

— Ana haki ya kunyamaza.

— Na wewe unaanza kukiri swali la kwanza, hata kofi hujapigwa. Huu ni mtihani, ndugu yangu, na mtihani ni adui. Adui haambiwi ukweli. Mtu anayependa kukaa peke yake ni nani? Mwizi. Ama mchawi. Sasa wakupe ghala nzima?

— Ghala mtu anakaa peke yake, Brigedia.

— Askari ndiye anakaa peke yake. Msimamizi anakaa na watu.

— Mimi sitaki usimamizi. Nataka mchana.

— Mchana ndiyo usimamizi wenyewe. Wewe umeona wapi bosi wa usiku? Wahenga walisema, debe tupu ndilo huvuma. Kwa hiyo tuvume, watusikie huko juu.

Oyugi alitaka kusema kitu kuhusu hiyo methali, akaiacha. Wanyama ndiye aliyeweka utaratibu. Tangu zamani jambo lolote kubwa la kijiwe huamuliwa kwa vikombe: anayekubali anainua kikombe, asiyekubali anakiacha kwenye ubao. Hivyo ndivyo walivyoamua bei ya panchari, hivyo ndivyo walivyomfukuza wakala mmoja wa bima. Santina hapigi kura kwa sababu yeye ni serikali. Wanyama akapendekeza: nakataa kabisa. Basi wakainua. Wanyama akainua, Oyugi akainua, na Okeny, kwa heshima ya kikao, akainua cha kwake nusu.

— Nakataa kabisa, akatangaza Oyugi, akabonyeza.

Wakaenda hivyo. Swali la pili lilisema, kwenye sherehe wewe huwa katikati ya watu. Vikombe juu: nakubali kabisa. La tatu, watu wakiwa kimya wewe ndiye unaanza maneno. Okeny akakohoa, lakini vikombe vilishapanda. La nne, wewe unafikiri kwanza ndipo unasema.

— Nakubali kabisa, akasema Okeny haraka.

— Nakataa, akasema Wanyama. Kiongozi anasema kwanza. Kufikiri kazi ya makarani. Haraka haraka haina baraka, kwa hiyo jibu upesi kabla baraka haijaondoka.

Walipofika swali la kumi na tano Oyugi akasimamisha kazi. Alitazama kulia na kushoto, akaifunika simu na kiganja.

— Ni lazima niwaambie kitu, akasema kwa sauti ya chini. Hii kitu inasikiliza. Kuna mteja wangu hapa Kabalagala, alitamka mbuzi choma mara moja tu, tena ndani ya choo. Alipotoka simu ikamletea picha ya mbuzi. Nani alimsikia chooni? Mimi nimefungua simu elfu nyingi, najua. Ndani kuna waya mmoja hauna kazi. Huo waya ndio sikio. Unaenda mpaka kule Kyambogo, kuna ukumbi umejaa wanafunzi, wamevaa vitu masikioni, kila mwanafunzi amepewa watu mia. Wanaandika. Ndio maana wanafunzi siku hizi wana macho mekundu.

— Wanafunzi wana macho mekundu kwa mambo mengine, akasema Santina.

— Mama nyabo, kikulacho ki nguoni mwako. Na simu mnaiweka wapi? Nguoni.

Wanyama alicheka kwa dharau. Hakupenda mtu mwingine awe na hadithi ndefu kuliko yake, hasa saa za asubuhi.

— Hiyo ya wanafunzi ni ndogo, akasema. Mimi nilishapimwa na Warusi. Entebbe, nilienda kuziba tairi ya ndege.

— Tairi ya ndege, akasema Santina.

— Ya mbele. Warusi wakaona mkono wangu hautetemeki, wakasema huyu tumpeleke juu kwenye mwezi. Wakaniketisha kwenye mashine, maswali mia nne. Baba yako anakupenda? Ukiwa huko juu utakumbuka nini? Nikajibu yote bila kumeza mate. Swali la mia tatu na kitu mashine ikaanza kutoa moshi. Mrusi mmoja akalia, nawaambia ukweli, machozi kama ya mama. Akasema, huyu mtu hajulikani. Wakanirudisha na soda mbili. Sasa mashine ya Warusi ilishindwa kunijua, hii ya stika ya ua itamjua Okeny?

— Mbona hukwenda mwezini? akauliza Okeny. Ndilo lilikuwa swali lake la kwanza siku hiyo.

— Nilikuwa nimeacha gari ya mtu juu ya jeki.

Okeny alicheka kidogo, kama anavyocheka siku zote, mahali panapofaa kucheka. Kisha akatazama jua.

— Tuendelee, ni saa tano kasoro.

Wakaendelea. Unachoka haraka? Nakataa kabisa. Unapenda muziki wa kelele? Vikombe juu. Ukipewa kazi mpya usiyoijua unafurahi? Juu. Oyugi alikuwa anasoma kama mnadi wa mitumba sasa, kidole kinaruka. Swali la ishirini na nane likasema, mara nyingine mimi hulia bila mtu kujua.

Okeny alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, anaangalia ndani.

— Hilo hata halisomwi mbele ya wanaume, akasema Wanyama. Nakataa kabisa. Piga.

Oyugi akapiga.

— Na mimi nitawapa siri, Wanyama akasema, kwa maana kimya kilikuwa kinamkera. Haya maswali sitini ni upuuzi. Watu ni wa aina mbili tu, basi. Kuna mtu wa tyubu na mtu wa tyubulesi. Mtu wa tyubu akichomwa msumari, hapohapo upepo umeisha, amekaa chini, mji mzima umemsikia. Mtu wa tyubulesi anatembea na msumari wake ndani, mwezi, miaka, unamuona yuko sawa, anapakia mizigo. Siku moja anapasuka kwenye kona. Nimefanya kazi hii miaka thelathini, hakuna aina ya tatu. Ningekuwa na shule ningekuwa nimetengeneza simu yangu, swali moja tu: weka maji uone mapovu.

— Na mimi? akauliza Okeny.

— Wewe una tatizo gani, afande? Wewe huna hata msumari. Dokta, swali.

Saa sita kasoro dakika mbili walimaliza. Swali la sitini lilipita kwa vikombe vyote, hata Okeny alikuwa amechoka kubishana, akainua chake mpaka juu. Simu ikazungusha duara. Ikazungusha tena. Halafu ikatoka picha ya kasuku, kijani na mwekundu, mdomo wazi.

— Hongera, Oyugi akasoma. Wewe ni Mchangamfu. Unapenda umati, kelele na kukesha. Unasema kwanza, unafikiri baadaye. Ukimya unakuumiza. Watu wanakufuata kwa sababu ya hadithi zako. Kazi zinazokufaa: mshereheshaji wa harusi, mtangazaji, mnadi. Epuka kazi za kukaa peke yako.

Wakamtazama Okeny. Halafu, bila kupanga, Oyugi na Santina wakamtazama Wanyama.

— Ni picha nzuri, akasema Wanyama. Kasuku ni ndege wa akili.

Santina hakupata hata nafasi ya kuongeza makaa. Simu ikalia. Ujumbe wa kampuni. Oyugi akausoma kimya kwanza, midomo inatembea, kisha akausoma kwa sauti ndogo, ile ya kuwaambia watu simu yao imekufa.

— Ndugu Okeny, asante kwa kujijua. Nafasi ya Port Bell tumempa mwenzako. Kutokana na majibu yako umepangiwa mlango wa kilabu cha hapa Kabalagala, zamu ya usiku, kuanzia Alhamisi. Uamuzi huu haubadilishwi kwa simu.

Okeny aliweka kikombe kwenye ubao. Hakukasirika, au kama alikasirika hasira yake ilikuwa mahali ambapo hawajazoea kutazama.

— Banange, akasema Santina.

— Ni wivu, akasema Wanyama. Mimi nilisema tangu mwanzo hii kitu haina maana. Lakini tuangalie upande mzuri. Kilabu, afande. Muziki bure. Wasichana wanakusalimia. Kila mlevi anakupa soda. Mimi ningekuwa na miaka yako...

— Tuko miaka sawa, akasema Okeny.

Hapo ndipo mwanamke mmoja alifika. Alikuwa na gauni la gomesi la kijani na beseni tupu la mukene, wale dagaa wa ziwani, kichwani, jasho shingoni, amepanda kilima kwa miguu. Hawakuwahi kumuona kijiweni. Okeny alisimama, akampisha mahali pake kwenye ubao, na kwa kusimama huko kila mtu alijua ni nani.

— Huyu ni Aloyo, akasema Okeny. Amefuata simu yake.

— Shikamoo... karibu mama, akasema Wanyama, ulimi ukamteleza. Karibu. Sisi ndio ndugu wa mumeo hapa mjini. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Nimekaribia. Amepata?

Oyugi akampa simu. Aloyo alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Alimsoma kasuku mzima, akarudi mwanzo akamsoma tena.

— Huyu ni nani? akauliza.

— Ni mumeo, akasema Oyugi.

— Mimi sikuolewa na huyu.

Wanyama akaona ni wakati wa kueleza utaratibu wa vikombe. Alieleza vizuri, na mifano: panchari, yule wakala wa bima. Aloyo alisikiliza huku anashusha orodha ya majibu kwa kidole gumba, mpaka akafika mahali akasimama.

— Hapa, namba arobaini na moja. Marafiki zangu wanajua shida yangu. Mmeandika nakubali kabisa. Nani alijibu hii?

— Wote, akasema Wanyama kwa fahari. Hiyo haikuhitaji hata kuhesabu. Miaka sita tuko na yeye hapa, mama. Kila asubuhi. Hakuna mtu Kampala anamjua Okeny kutuzidi.

— Kale, sawa. Shida yake ni gani?

Wanyama alifungua mdomo. Huwa hakosi kitu humo. Akatafuta miaka sita yote, asubuhi moja moja. Akamkuta tembo wa Juba. Akawakuta Warusi, na mashine, na moshi. Akajikuta yeye mwenyewe amesimama, mikono hewani. Na Okeny alikuwepo kila mahali, ameketi mwisho wa ubao, anacheka pale panapofaa. Zaidi ya hapo hapakuwa na kitu.

— Usiku unamchosha, Oyugi akajaribu.

— Unamchosha namna gani?

Oyugi akaiangalia sigiri.

— Macho, akasema Okeny mwenyewe.

Alisema kama mtu anayetoa ripoti kituoni, tarehe na mahali.

— Ilianza mwaka juzi. Jua likizama mimi sioni. Mchana sawa, hapa nawaona nyote, hata ule msumari uliokwama kwenye tairi naona. Giza likiingia, hakuna kitu. Miaka miwili nalinda lile geti kwa masikio. Najua kila mpangaji kwa viatu vyake. Najua gari ya nani kwa injini. Kampuni ikijua wananifukuza, kwa hiyo nikanyamaza. Niliposikia kuna zamu ya mchana, nikasema Mungu ameona.

— Kwa nini hukutuambia? akasema Wanyama, na sauti yake ilitoka ndogo.

— Ulikuwa unaongea, Brigedia.

Wanyama hakukasirika. Kwa mara ya kwanza Wanyama hakuwa na mtu wa kumkasirikia. Akatafuta njia. Akasema ataenda yeye mwenyewe ofisini kwao, ataongea na mkubwa, mkubwa huyo lazima ana gari, na kama ana gari basi ana matairi. Akasema anamjua daktari wa macho aliyemtibu chui. Akasema Okeny asiogope, mtu aliyelinda geti miaka miwili kwa masikio ni zaidi ya askari, ni jeshi zima, atalinda mlango wowote hapa duniani.

Aloyo alimsubiri amalize. Alikuwa anaifunga simu kwenye kitambaa kiunoni.

— Huo mlango wa kilabu, akasema. Mimi hupita pale na samaki. Muziki wao unatetemesha mpaka beseni kichwani. Sasa hayo masikio yake yatasikia nini?

Alikuwa anauliza kweli. Alimtazama Oyugi, akamtazama Wanyama, akangoja, kama mtu aliyeambiwa hapa ndipo penye wajuzi.

Wanyama akanyoosha kikombe chake kwa Santina, ili apate kitu cha kufanya na mkono. Santina aliinua birika, akaliinamisha mpaka mwisho. Likatoka tone moja na machicha ya tangawizi.

— Imekwisha, akasema.

Okeny alimtwisha mkewe beseni, wakaondoka pamoja kuelekea bondeni. Ubao ukabaki na watu wawili na vikombe vitatu, na hakuna aliyeinua chake.